Usiiguse mashine kwanza

Karatasi ilibandikwa ubavuni mwa mashine ya kujaza chupa. Kila nusu saa mwendeshaji alipima chupa moja, akaandika. Lengo lilikuwa mililita 500. Akipata 503 alikaza skrubu kidogo, akipata 497 aliilegeza. Alikuwa mchapakazi hasa, na bidii hiyo ndiyo iliyokuwa ikiharibu kazi.

Watu wakisikia usimamizi wa ubora wa jumla, yaani kiwanda kizima kushughulikia ubora, hukimbilia zana: mchoro wa mfupa wa samaki (unaopanga sababu zinazodhaniwa kuleta tatizo), "kwa nini" tano (kuuliza swali hilo mara tano mfululizo), vikao vya kutafuta chanzo. Mimi huanza na swali moja. Je, hiki tunachokiona ni tukio, au ni mashine inavyopumua siku zote? Hakuna mchakato unaotoa namba ileile kila mara. Walter Shewhart, Mmarekani aliyechora chati ya kwanza ya udhibiti (grafu ya vipimo yenye mpaka wa juu na wa chini) mwaka 1924, alionyesha kwamba hapo kuna makosa mawili: kuuchukulia mtikisiko wa kawaida kana kwamba una sababu yake ya pekee, na kuipuuza sababu ya pekee ukidhani ni mtikisiko tu. Huwezi kuyakwepa yote mawili kabisa. Ukilikimbia moja sana, unaliangukia la pili.

W. Edwards Deming, Mmarekani mtaalamu wa takwimu na ubora, alikuwa na jaribio la faneli la kuonyesha kosa la kwanza. Unaangusha gololi kupitia faneli ili iangukie alama mezani. Kila ikikosea, unaisogeza faneli upande wa pili kwa kiasi kilekile ilichokosea. Inaonekana ni busara, lakini mtawanyiko hupanuka kwa takriban asilimia 41 kuliko kama ungeiacha faneli palepale. Mwendeshaji wetu alikuwa akicheza mchezo huo kwa skrubu.

Nilimwomba asiiguse zamu nzima, apime na kuandika tu. Hakupenda. Msimamizi wake akaniuliza kama nimekuja kuwafundisha watu uvivu. Zamu ilipoisha tulizipanga namba, na hata bila hesabu ilionekana zimesogeleana.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua tofauti kati ya kila kipimo na kilichokitangulia, tafuta wastani wa tofauti hizo, zidisha kwa 2.66. Jibu lijumlishe kwenye wastani wa vipimo upate mpaka wa juu, litoe upate wa chini. Tofauti zetu zilikuwa na wastani wa mililita 2, na wastani wa ujazo ulikuwa 500, kwa hiyo mipaka ikawa 494.7 na 505.3. Kipimo kikibaki ndani bila kufuata mwelekeo wowote wa ajabu, mikono mfukoni. Na mipaka hii hutoka kwenye mchakato wenyewe, si kwenye mkataba wa mteja. Nimeona wengi wakivichanganya viwili hivi, wakiwemo wenye vyeti ukutani. Mteja akitaka kati ya 497 na 503, skrubu haitamsaidia mtu. Mchakato wenyewe ndio ubadilishwe, na uamuzi huo ni wa menejimenti yenye bajeti. Kumkaripia mwendeshaji kwa mtikisiko wa kawaida ni kumwadhibu kwa mashine aliyopewa.

Siku ya tatu ikatoka 491. Sasa hapo kulikuwa na tukio, na tulisimamisha kazi.

Mbona chupa haikujaa? Mdomo mmoja wa mashine ulikuwa ukivuja. Kwa nini ulivuja? Mpira wake wa kuziba ulikuwa umevimba. Ulivimba kwa sababu haukuweza kustahimili dawa ya kusafishia. Na kwa nini ulifungwa mpira wa namna hiyo? Ndio uliokuwepo stoo. Stoo nao waliupata wapi? Fomu ya manunuzi ilitaja kipenyo tu, haikutaja malighafi, basi mnunuzi akachukua wa bei nafuu. Hakuvunja utaratibu wowote.

Kila jibu tulilikagua kwa macho: mpira tuliushika, fomu tuliisoma. Ndiyo sababu siupendi sana mfupa wa samaki unaojazwa ukumbini. Mwamba ngoma huvutia kwake. Fundi atataja vipuri, ofisa rasilimali watu atataja mafunzo, kisha watapiga kura, na chanzo kinapatikana kwa wingi wa mikono. Kaoru Ishikawa, Mjapani aliyeubuni, alitupatia mchoro wa kupangia dhana, na dhana bado inadai ushahidi.

Fomu iliongezwa mstari mmoja. Meneja alitaka tufunge faili siku hiyohiyo. Nilikataa, maana kwenye mzunguko wa kupanga, kutenda, kuchunguza na kurekebisha, hatua ya tatu ndiyo hurukwa kila mahali. Tuliendelea kuchora chati hadi mipira ya shehena mpya ilipopita mizunguko kadhaa ya usafishaji. Mwendeshaji ndiye aliyeweka nukta za vipimo kwenye chati. Bisibisi yake aliihamishia kwenye kabati la fundi, na kila mtu aliyekuja kuichukua aliulizwa kwanza kipimo kimesemaje.