Pengo la miaka ya chuo kwenye pensheni ya Uingereza

Wanafunzi walioko Uingereza huambiwa, tena na watu wazima wenye nia njema, kwamba wasipolipa michango ya hiari ya Bima ya Taifa (National Insurance, makato ya mshahara yanayojenga haki ya pensheni) wakiwa chuoni, pensheni yao ya serikali itapungua. Sivyo, kwa wengi wao.

Pensheni kamili huhitaji miaka 35 ya michango. Ili kupata chochote, angalau 10. Anayemaliza chuo na miaka 22 ana miaka 46 mbele yake kabla ya kufika 68, umri wa pensheni kwa kizazi chake. Mwaka wa 36 kwake hauongezi hata senti. Mchango wa hiari wa mwaka 2025/26 ulikuwa pauni 17.75 kwa wiki, yaani takriban pauni 923 kwa mwaka. Hiyo ni kodi ya chumba!

Halafu kuna hili lisilosemwa: mwaka huohuo, aliyepata kati ya pauni 125 na 242 kwa wiki kwa mwajiri mmoja, mwaka mzima, alihesabiwa mwaka wake wa pensheni bila kukatwa mchango wowote wa Bima ya Taifa.

Aliyeanza chuo na miaka 40, au anayepanga kuhamia nchi nyingine, apige hesabu yake upya. Hata yeye hana haraka, kwani kwa kawaida mapengo hulipika hadi miaka sita nyuma.