Mfungamano wa mtoto na mlezi: kwa nini analia mama akitoka

Mtoto wa miezi tisa akilia kwa sababu mama kaenda chooni tu, hakosi mtu wa kusema, "Huyu kazoea mikono, umemdekeza." Katika saikolojia kilio hicho ni dalili ya mfungamano: uhusiano wa kihisia unaomfanya mtoto amchague mtu mmoja au wachache, awakimbilie akiogopa au akiumwa, na atulie wakiwa karibu. Huanza kuonekana wazi mnamo miezi sita hadi minane. Kabla ya hapo karibu yeyote anaweza kumbeba. Baadaye, jirani aliyekuwa akichekewa juzi anapigiwa yowe. Tabia haijaharibika hapo. Mtoto amekua kiasi cha kujua nani ni wake.

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda anayemlisha. Daktari Mwingereza John Bowlby alikataa: alisema kiumbe asiyejiweza husalimika kwa kukaa karibu na mkubwa, kwa hiyo haja ya ukaribu ni silika inayojitegemea. Kule Marekani, mwanasaikolojia Harry Harlow aliwapa tumbili wachanga "mama" wawili wa bandia, mmoja wa waya na mwingine aliyefunikwa kitambaa laini. Hata maziwa yalipokuwa kwa yule wa waya, walinyonya na kurudi kumkumbatia wa kitambaa. Matokeo hayo yalitoka mwaka 1958.

Ila ushahidi ninaoupenda zaidi ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mary Ainsworth, aliyewahi kufanya kazi na Bowlby mjini London, alikwenda Uganda mwaka 1954 baada ya mumewe kupata kazi Kampala. Akaanza kutembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu, akikaa na akina mama majumbani mwao na kutazama watoto, na alirudia ziara hizo kwa miezi. Aliona mtoto akitambaa kwenda kuchunguza kitu, akigeuka kumtazama mama, akirudi kumgusa, kisha akiondoka tena. Kumbe aliyefungamana vizuri na mama ndiye anayethubutu kwenda mbali. Aliona pia watoto waliofungamana na watu wasiowanyonyesha, akiwemo baba. Na akina mama walioweza kumweleza mtoto wao kwa undani, anapenda nini na analia vipi, ndio mara nyingi waliokuwa na watoto watulivu zaidi.

Baadaye, huko Baltimore, Marekani, Ainsworth alibuni kipimo cha watoto wa karibu mwaka mmoja: chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea, mama anatoka, mtu asiyejulikana anabaki, mama anarudi. Wengi hudhani kinachopimwa ni kilio. La hasha, jicho liko kwenye kurudi. Mwenye mfungamano salama, hata kama alilia sana, humwendea mama, hutulizwa na kurudi kucheza. Mwingine hung'ang'ania huku akimsukuma kwa hasira, hatulizwi. Wa tatu humpuuza mama kana kwamba hakuona mlango ukifunguka. Huyu wa tatu ndiye tunayemsifu kuwa "hana shida", wakati watafiti waliopima moyo wake walikuta ukienda mbio.

Kipimo hicho kisichukuliwe kama sheria. Kule Japani, watoto wengi waliopimwa walilia mno hata wakaonekana hawana usalama, kumbe hawakuzoea kabisa kuachwa na mama. Kwetu mtoto hulelewa na bibi, shangazi, dada wa kazi na kaka zake, naye anaweza kufungamana na kadhaa kati yao kwa wakati mmoja. Anachohitaji ni watu walewale wanaorudi na kuitikia. Dada wa kazi akibadilishwa kila baada ya miezi miwili, mtoto anampoteza mtu wake kila mara, na nadhani hilo linastahili kutusumbua kuliko kubebwa sana. Na ukienda kazini, muage, hata kama atalia. Ukitoroka kwa mlango wa nyuma, kesho atakuganda tangu asubuhi.