Je, wajua kwa nini kiungio kipya cha nusu inchi huvujisha hita ya maji ya gari la Marekani?

Barabara ya TANZAM, inayopanda Kitonga na kupita Iringa, Mafinga na Mbeya hadi Tunduma, hupitisha magari ya watalii yenye vitanda, jiko na bafu humo humo ndani. Baadhi yametengenezwa Marekani. Fundi bomba wa Mbeya akiitwa kutazama gari la aina hiyo linalodondosha maji chini ya hita, huona kazi ya kawaida kabisa: tangi dogo la lita 22 hivi, bomba la maji baridi, bomba la maji moto, na kiungio cha nusu inchi kilicholika. Anakwenda soko la Mwanjelwa, ananunua kingine cha nusu inchi, anazungushia tepu nyeupe, anafunga. Kinaingia. Kinakaza. Asubuhi sakafu imelowa tena.

Hapo lawama humwangukia fundi, au kiungio huitwa feki. Mara nyingi wote wawili wanaonewa, maana ugomvi wenyewe ni wa Waingereza na Wamarekani na una zaidi ya miaka 150.

Mwaka 1841 mhandisi Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha tredi, yaani ile mizunguko inayochongwa kwenye chuma ili kifungwe, na pembe ya jino akaiweka nyuzi 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia aliwashauri Wamarekani watumie nyuzi 60, kwa hoja kwamba ni rahisi kuchonga na kukagua. Mabomba nayo yakagawanyika vivyo hivyo: Marekani hutumia tredi ya NPT, ya nyuzi 60, huku kwetu duka la vifaa vya maji huuza BSP, tredi ya Kiingereza ya nyuzi 55.

Tofauti ingekuwa kubwa, kusingekuwa na shida. Kwenye bomba la inchi moja, BSP ina meno 11 kwa inchi na NPT ina 11 na nusu, kwa hiyo kiungio hugoma mapema na fundi hushtuka. Balaa ni kwamba kwenye nusu inchi na robo tatu, zote mbili zina meno 14. Basi huingiliana vizuri tu, kama ufunguo wa jirani unaoingia kwenye kitasa chako. Kipenyo hakilingani sawasawa na jino halijazi bonde lake, hivyo hubaki njia nyembamba inayozunguka na tredi kutoka ndani hadi nje. Tepu huiziba kwa muda. Kukaza zaidi ndiyo dawa mbaya kuliko zote, kwa sababu mdomo wa tangi unaweza kupasuka, na tangi si kitu cha kupata Mbeya kwa siku moja.

Kwenye bomba la bustani tepu hiyo ingeweza kudumu. Kwenye hita haipati amani. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 15 za Selsiasi hadi 60 huongezeka kwa takriban asilimia 1.6, katika lita 22 hiyo ni zaidi ya theluthi ya lita. Kama kuna valvu inayozuia maji kurudi nyuma, ongezeko hilo halina pa kwenda, na presha hupanda. Usiku kila kitu hupoa na kusinyaa. Ongeza mtikisiko wa barabara.

Halafu kuna baridi yetu. Mwezi wa Juni na Julai, Kitulo na sehemu za Makete hupata sakitu, yaani umande unaoganda. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na valvu ya plastiki haivumilii hilo. Kama uvujaji umeanza baada ya kulala huko, tafuta ufa kwanza kabla ya kuhangaika na tredi.

Kazi yenyewe? Zima gesi na umeme, acha maji yapoe, zima pampu, fungua koki ya maji moto presha itoke, ndipo umwage tangi. Kiungio cha zamani usikitupe. Kama tredi zake ni nzima, kisafishe, weka tepu mpya ukizungusha kuelekea upande wa kufungia, ukirudishe. Kama kimekufa, mpelekee fundi wa kukereza vyuma akuchongee kipande chenye NPT upande wa tangi na BSP upande wa bomba. Nati ya plastiki yenye mpira ndani ni habari nyingine: hapo mpira ndio unaozuia maji, tepu haisaidii kitu. Badilisha mpira, kaza kwa mkono, ongeza kidogo sana. Na usiwashe umeme kabla maji hayajatoka kwenye koki ya maji moto bila mapovu. Waya wa kupashia huungua haraka tangi likiwa tupu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha maji hayatoki kwenye valvu ya usalama. Kwenye hita hizi kwa kawaida hufunguka presha ikifika psi 150 (paundi kwa inchi ya mraba) au joto nyuzi 99 za Selsiasi, na matone machache wakati wa kupasha huenda ni lile ongezeko la maji linatafuta njia. Ikidondosha mfululizo, ibadilishe. Kuiziba kwa plagi, hata kwa safari ya kufika Tunduma tu, ni kutengeneza bomu chini ya kitanda cha mtu.