Juma Zima Kati ya Sehemu Mbili: Namna Mashabiki Wanavyotazama Pamoja

Katika kazi yangu ya kuwachunguza watazamaji wa televisheni, huulizwa mara nyingi kwa nini tamthilia za bunilizi ya kisayansi na za fantasia huwaunganisha mashabiki kuliko tamthilia nyingine. Nionavyo, sababu ni kwamba mtazamaji huziingia akiwa mgeni. Kisa cha familia au cha mahakama hutokea katika dunia anayoifahamu, lakini kisa cha sayari ya mbali au cha ufalme wenye majoka humlazimu ajifunze upya nasaba za watawala, sheria za maumbile na hata mipaka ya uchawi. Na kwa kuwa hakuna awezaye kunasa kila dokezo peke yake, kazi hiyo hugawanywa.

Tamthilia ya Lost, iliyoanza kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani mwezi Septemba 2004, ilidhihirisha jambo hilo. Namba 4, 8, 15, 16, 23 na 42 zilipojitokeza tena na tena, mashabiki walisimamisha picha, wakalinganisha walichokiona, na mwaka 2005 wakaanza kuandika ensaiklopidia yao mtandaoni, Lostpedia. Kilichowapa nafasi ya kufanya hayo ni juma lililotenganisha sehemu moja na inayofuata.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa tarehe 2 Juni 2013, pale kituo cha HBO kiliporusha ile sehemu ya tamthilia ya fantasia Game of Thrones ambamo Robb Stark, mmoja wa wahusika wakuu, na mama yake, Catelyn, wanauawa harusini. Riwaya iliyokuwa chanzo cha kisa hicho ilikuwa imechapishwa mwaka 2000, kwa hiyo wasomaji walikuwa wakijua yatakayotokea kwa takriban miaka 13. Wengi walinyamaza, na baadhi yao wakatega kamera kimyakimya ili kuwarekodi jamaa na marafiki ambao hawakuwa na habari. Wapo waliouona huo kuwa ukatili, nami sikubaliani nao hata kidogo. Msomaji hawezi kushtuka mara ya pili kwa kisa kilekile, ila anaweza kuuona mshtuko wake ukizaliwa upya katika uso wa mwingine, na aliyetazama akiwa peke yake akapata katika video hizo watu wa kuomboleza nao.

Huduma ya mtandaoni ya Netflix ilipozoeza watazamaji kupokea msimu mzima kwa siku moja, kama ilivyofanya kwa tamthilia ya Stranger Things tarehe 15 Julai 2016, mazungumzo hayakufa, lakini yalikosa mwendo wa pamoja: mmoja yuko sehemu ya pili, mwenzake amemaliza, na kila mmoja anachelea kumharibia mwingine uhondo.

Ndiyo maana nilifurahi huduma nyingine ya mtandaoni, Disney+, ilipoitoa WandaVision, tamthilia ya wahusika wa vitabu vya katuni vya Marvel, mwanzoni mwa mwaka 2021 kwa juma hadi juma, baada ya sehemu mbili za kwanza kutoka pamoja. Mashabiki wengi walishikilia kwamba Mephisto, shetani wa vitabu hivyo, ndiye aliyejificha nyuma ya mambo yote, nao walitafuta ushahidi katika mapambo ya ukutani, katika matangazo ya kubuni yaliyopachikwa ndani ya kisa, na katika kauli za wahusika wadogo. Mephisto hakutokea, lakini kwa majuma hayo kila pembe ya tamthilia ile ilikuwa imetazamwa kwa makini ambayo hakuna mhakiki mmoja angeweza kuifikia.