Floksi ya kutambaa: kazi ya miezi kumi, soko la wiki tatu

Mteja hanunui floksi ya kutambaa, ananunua rangi. Kila anayeanza kazi kitaluni kwetu namwambia hivyo kabla sijamwonyesha mkasi ulipo. Mmea huu usipokuwa na maua ni kifungu cha majani mafupi, magumu, yanayochoma vidole, na hakuna mtu atakayesimamisha gari kwa ajili yake. Lakini ikifika mwisho wa Aprili, watu wanaegesha kando ya barabara na kuulizia "lile zulia la zambarau" waliloliona kwenye mteremko wa jirani. Wiki tatu, nne ukibahatika na hali ya hewa ya ubaridi, halafu soko limekwisha. Kazi yote ya mwaka ni kuhakikisha chungu kinafika dukani maua yakiwa yanaanza kufunguka.

Mimi ni mwoteshaji kusini-mashariki mwa Pennsylvania, na huku floksi hii ni mwenyeji. Jina lake la kitaalamu ni Phlox subulata, na huota yenyewe mashariki mwa Marekani kwenye miamba, mchanga na miteremko mikavu. Ukitaka kuielewa, nenda mwezi wa nne kwenye maeneo ya mawe ya sapentaini mpakani mwa Pennsylvania na Maryland. Udongo wa pale ni kiganja tu juu ya mwamba, magnesiamu imejaa, kalsiamu haba, nikeli ipo ya kutosha kuisumbua mimea mingi. Miti inadumaa. Floksi imetandaa juu ya jiwe, imechanua hadi majani hayaonekani. Tangu nione vile sikushangaa tena kwa nini inakufa mikononi mwa watu wanaoipenda sana na kuimwagilia kila siku.

Biashara yake si ya jana. Mwaka 1745 John Bartram, mkulima na mkusanyaji mimea wa Philadelphia, alimpelekea Peter Collinson wa London bonge la mmea huu, na bustani za mawe za Uingereza zikaupokea. Wajapani nao wanauita shibazakura, na karibu na Mlima Fuji wamepanda miche kwa malaki. Watu wanakata tiketi kwenda kuitazama.

Kabla sijaendelea, angalizo kwa wanaonunua miche ya jumla. Wauzaji hapa hutumia jina moja la kawaida kwa mimea miwili tofauti. Kuna Phlox stolonifera, yenye majani laini ya duara, inayopenda kivuli cha msitu na udongo wenye mboji. Ukimuuzia hiyo mtu mwenye ukuta wa mawe unaopigwa na jua kutwa, Julai atarudi na picha ya mmea uliokauka. Kwenye oda andika jina la Kilatini na jina la aina, basi.

Sisi tunakata vipandikizi mwezi wa Juni, maua yakishaisha na machipukizi mapya yakishakomaa kidogo. Wapo wanaokata Novemba, nao wanafanikiwa. Ni suala la nafasi uliyonayo. Mbegu hatugusi, kwa sababu aina yenye jina haitoki sawa kwenye mbegu. Kipandikizi kizuri ni ncha ya urefu wa sentimita tano hivi, isiyo na kichomozo cha ua. Unaishika ncha kwa kidole gumba na cha shahada, unateremsha vidole vya mkono wa pili kinyume na majani, na majani ya chini yanang'oka yenyewe bila kisu. Mara za kwanza vidole vinawasha. Vijana wa Kikongo wanaokuja kutoka Lancaster walinifundisha kufunga plasta kwenye vidole viwili tu, maana glavu inakunyima hisia ya shina, na shina lililopondwa litaoza.

Tunachomeka vipandikizi viwili au vitatu kwenye kila tundu la trei ya matundu 72, ili mche utoke mnene tangu mwanzo. Homoni ya mizizi siitumii, floksi hii inaota mizizi kwa hiari. Inachotaka ni udongo mwepesi wa pitimosi (mabaki makavu ya mimea ya kinamasi) na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba), joto la nyuzi 20 hivi za Selsiasi chini ya trei, na ukungu wa maji kwa siku za mwanzo tu. Hapo kwenye ukungu ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanauacha uendelee wakiona majani bado ya kijani na mazuri. Punguza mapema, acha uso wa udongo ukauke kati ya mnyunyizo na mnyunyizo. Baada ya wiki tatu au nne vuta ncha moja taratibu. Ikikukatalia, mizizi imeshika.

Na tafadhali, soma karatasi za aina unayoikata. Aina mpya nyingi zina hataza, yaani haki ya kisheria ya aliyezibuni, na kwa sheria ya Marekani huruhusiwi kuzizalisha kwa vipandikizi bila leseni, hata kama chungu umekinunua kwa pesa yako. Hataza ya mmea hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Aina za zamani ziko nyingi, na nyingine zinauzika kuliko mpya.

Mwisho wa Agosti miche inahamia kwenye vyungu: mmoja kwa chungu kidogo, miwili au mitatu kwa kile kinachoitwa galoni. (Galoni ya biashara ya vitalu, kwa taarifa yako, haijai galoni, inabeba chini ya lita tatu.) Siku hizo ndizo za mkato wa mwisho pia. Napitisha mkasi kuondoa ncha ndefu ili mmea utoe matawi, kisha ikifika katikati ya Septemba mkasi unafungiwa kabatini. Siku zikifupika na usiku ukianza kupoa, vichomozo vya maua ya Aprili vinaanza kujengeka kwenye ncha. Anayekata Oktoba ili chungu kipendeze anakata mauzo yake mwenyewe.

Mbolea kidogo, nusu ya unayoipa mimea mingine ya vyungu. Maji ndiyo yenye kesi. Simwamini anayetazama udongo kwa macho, kwa sababu kifungu cha majani kinaufunika wote. Nyanyua chungu. Kikiwa chepesi mkononi, mwagilia, asubuhi. Kikiwa kizito, endelea na safari. Mizizi inayokaa majini huoza, na dalili utakayoiona juu ni kunyauka, ileile ya mmea wenye kiu, kwa hiyo mtu anaongeza maji na kumalizia kazi. Chomoa mmea uangalie: mizizi mizima ni myeupe na imara, iliyooza ni ya kahawia na ganda lake linavuka ukilivuta.

Magugu ni gharama ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu. Floksi ikishatandaa, gugu lililoota katikati huwezi kuling'oa bila kung'oa na kipande cha mmea. Kwa hiyo tunapalilia mara mbili mfululizo wakati vyungu bado vina udongo wazi, hata kama hakuna kinachoonekana zaidi ya vimche vya milimita chache. Kibarua analalamika kwamba anapalilia hewa. Aje aone Machi. Wakati wa joto kavu tazama pia utitiri: majani yanapoteza kijani na kuwa na vidoadoa vya njano, na ukigonga tawi juu ya karatasi nyeupe utauona utitiri wenyewe unatembea.

Baridi ya Desemba hadi Februari si adui, ni sehemu ya kazi. Mmea huu unavumilia majira makali kabisa, na bila wiki kadhaa za baridi hautachanua inavyotakiwa. Mimi nahesabu wiki tisa au kumi za karibu na nyuzi 5 au chini yake kabla sijafikiria kuupasha joto. Mizizi iliyo ndani ya chungu, hata hivyo, haina kinga kama iliyo ardhini. Vyungu tunavibananisha bega kwa bega ndani ya banda lisilo na joto, juu plastiki nyeupe kama maziwa ili jua la Januari lisiamshe mmea mapema. Majani yanageuka rangi ya shaba, na kila mwaka kuna mfanyakazi mpya anayekuja kuniambia yamekufa. Hayajafa. Wanaoua kweli ni panya wa shambani, wanaojenga viota chini ya kifuniko na kutafuna mashina polepole. Mitego iwekwe kabla ya kufunika.

Machi inapoanza, kishawishi ni kuwasha joto ili uwahi soko. Nakataa, isipokuwa kwa vyungu vichache vya kutangulia. Floksi iliyokuzwa kwenye joto inarefuka, inalegea, rangi inapauka, na ikifika dukani inakutana na usiku wa baridi halisi. Napendelea kugawa: kundi moja ndani ya plastiki, la pili upande ulio wazi, la tatu nje kabisa. Zinapishana siku za kutosha kujaza malori mawili matatu badala ya yote kudaiwa wikiendi moja.

Gari linapopakiwa nataka vichomozo vinaonyesha rangi na maua machache yamefunguka, si chungu kilichojaa maua. Chungu kilichojaa kinapendeza kwangu leo na kinapukutika kwenye rafu ya mwenye duka Jumamosi. Kuhusu aina, 'Candy Stripe', yenye petali nyeupe na mstari wa waridi, inaondoka yenyewe. 'Emerald Blue' inauzika sana pia, ila mwambie mteja ukweli kwamba hiyo buluu ni zambarau hafifu, na 'Scarlet Flame' iko karibu zaidi na waridi iliyokolea kuliko nyekundu ya moto. Picha ya kwenye lebo isiongee zaidi ya ua lenyewe. Nyeupe zinahitaji mahali penye upepo, la sivyo ua lililochakaa linaonekana kama uchafu.

Zisizouzwa hadi katikati ya Mei sizipunguzii bei mara mbili. Nazikata theluthi moja, nazipeleka nyuma, nyingine zinakuwa mama wa vipandikizi.

Wasomaji wa Limuru na Lushoto wananiuliza kama itakubali kwao. Majani itatoa. Maua ya kufunika ardhi usiyategemee, kwa sababu ubaridi wa milimani huko hauna zile wiki nilizozitaja. Pakiti ya mbegu iliyoandikwa floksi utakayoikuta dukani huwa mara nyingi ni Phlox drummondii, mmea wa msimu mmoja wenye asili ya Texas. Hiyo haidai baridi. Isie kwenye trei, ikate ncha ikiwa na majani ya kutosha ili itanuke, na iuze ikiwa na maua mawili matatu tu.