Je, wajua kwa nini gari linalokwenda vizuri hufeli kipimo cha moshi?

Gari linawaka bila shida, moshi hauonekani. Fundi anaingiza mrija wa kipima gesi kwenye ekzosi, jibu linatoka: limefeli. Wengi wetu hapa Dar tunakimbilia kusema masega, yaani kile kisafisha gesi kilicho ndani ya ekzosi, yamekufa, twende maduka ya vipuri ya Gerezani tukatafute mengine. Mara nyingi masega ni majeruhi tu. Aliyeyaumiza yuko huko mbele, kwenye injini.

Injini ya petroli inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Uwiano huo ukivurugika, gesi zinasema. Kaboni monoksaidi ikipanda, petroli imezidi hewa: pengine eya klina, chujio la hewa, imejaa vumbi, au nozeli inayopulizia petroli inavuja. Oksaidi za nitrojeni zikipanda, injini inachoma kwa joto kali mno. Lakini ya kutazamwa kwa makini zaidi ni haidrokaboni, yaani petroli iliyotoka bila kuungua.

Chukua gari la silinda 4 lenye plagi moja iliyokufa. Silinda ile inavuta hewa na petroli, haichomi, inavitema vyote kwenye ekzosi. Sensa ya oksijeni, kile kihisi cha kwenye ekzosi, haioni petroli, inaona oksijeni tu. Ikiikuta tele, inaiarifu kompyuta kwamba mafuta hayatoshi, na kompyuta inaongeza. Sasa hata silinda tatu nzima zinalishwa kupita kiasi, huku petroli ghafi ikienda kuungua ndani ya masega hadi yanayeyuka. Ukifunga masega mapya ukaiacha plagi ile ile, umeyapeleka motoni.

Kwa hiyo fundi makini akiona haidrokaboni na oksijeni zimepanda pamoja, huanza na plagi na koili inayoipa umeme. Hukagua pia ekzosi, kwa sababu tundu dogo kabla ya sensa huingiza hewa na kuidanganya vivyo hivyo. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari peke yake haitoshi: kodi P0420 inakwambia masega hayasafishi inavyotakiwa, haikwambii nani kayaharibu.

Kuna na magari mazima yanayofeli kwa baridi tu. Masega huanza kazi yakifika nyuzi 250 hivi za Selsiasi au zaidi, na gari lililosimama foleni ya ukaguzi asubuhi nzima halina joto hilo. Litembeze kwanza.

Moshi wa bluu ni habari nyingine: injini inakula oili, tazama ringi za pistoni na sili za vali.

Kinachoniuma ni mafundi wanaoyatoa masega kabisa wakidai gari "lipumue". Kaboni monoksaidi ile ni sumu, na mama lishe wa kando ya barabara anaivuta mchana kutwa. Ukinunua gari lililotumika, ligonge kopo la masega kwa nyundo ya mpira likiwa limepoa. Likichakacha, yamevunjika ndani. Likilia kama debe tupu, yalishatolewa.