Je, wajua kwa nini divai nyeupe ya Ufaransa hunukia karafuu na nazi?

Mimina divai nyeupe iliyolala kwenye pipa la mwaloni, iache ipungue baridi kidogo, kisha inuse. Utapata vanila, utapata karafuu, na nyuma yake kitu kama tui la nazi. Hakuna kiungo kilichotiwa humo. Ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Harufu hizo zimetoka kwenye ubao wa pipa, na nyingine zimezaliwa motoni.

Tena si mfanano tu. Kemikali inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake ni eujenoli, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu tunayopaka kwenye jino linalouma. Mwaloni nao una eujenoli hiyohiyo, kidogo sana, lakini pua huitambua. Harufu ya nazi inatokana na laktoni za mwaloni, kemikali za asili zilizomo kwenye ubao wenyewe. Vanila nayo ni vanilini, ileile iliyomo kwenye maganda ya vanila.

Kazi huanzia msituni. Miti inayosifiwa zaidi hutoka misitu kama Tronçais katika mkoa wa Allier, na ile ya Vosges. Tronçais ulianza kutunzwa kwa utaratibu mkali karne ya 17, enzi za waziri Colbert, aliyetaka mbao za meli za kivita. Mwaloni wa pipa hukatwa ukiwa na umri wa miaka 150 hadi 200 na zaidi. Gogo halichanwi kwa msumeno bali hupasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, kwa sababu msumeno ukikata nyuzi za mwaloni wa Ulaya pipa litavuja. Sehemu kubwa ya gogo hupotea hapo, na ndiyo sababu mojawapo ya pipa jipya kuwa ghali. Mwaloni mweupe wa Marekani mishipa yake imejiziba yenyewe, hivyo huvumilia msumeno. Lakini una laktoni nyingi mno, na kwenye divai nyeupe nyepesi nazi yake hufunika kila kitu.

Mbao hizo hupangwa uwanjani miaka 2 hadi 3, zikapigwa jua na kunyeshewa mvua. Mvua huosha tanini, zile kemikali chungu za mti zinazokausha mdomo, na kuvu huendelea kuulainisha ubao polepole. Anayefanya haraka akazikausha kwenye tanuri hupata mbao kavu zenye uchungu wote ndani, na divai yake huja kunuka machujo ya mbao.

Kisha moto. Fundi huliweka pipa lisilo na vifuniko juu ya moto wa vipande vya mwaloni, kwanza ili mbao zilainike na kupinda, halafu ili ndani yake pachomeke. Hapa ndipo ladha huamuliwa. Moto mdogo huacha nazi na ubichi wa ubao. Moto wa wastani, wa polepole, huleta vanila, karafuu na sukari iliyoungua. Ukizidi, laktoni huungua, vanilini hupungua, na kinachobaki ni moshi na kahawa. Kwa divai nyeupe, wastani ndio salama.

Sasa twende kijiji cha Puligny-Montrachet, katika eneo la Bourgogne mashariki mwa Ufaransa, kwa familia ya Leflaive, watengenezaji wa divai. Ukoo huu uko hapo tangu 1717, lakini shamba la leo lilijengwa na Joseph Leflaive, mhandisi, aliyenunua mizabibu mwanzoni mwa karne ya 20. Baada yake walikuja wanawe, kisha mjukuu wake Anne-Claude, aliyeingiza shamba zima kwenye kilimo cha bayodinamiki, yaani kilimo hai kinachofuata pia kalenda ya mwezi, kufikia 1997. Alipofariki mwaka 2015, uongozi ulikwenda kwa Brice de La Morandière, kitukuu wa Joseph. Zabibu yao ni chardonnay. Kipande chao cha Montrachet, shamba maarufu kuliko yote hapo, hakifikii hata robo ekari, na hutoa takriban pipa moja kwa mwaka.

Pipa la Bourgogne hubeba lita 228, yaani chupa 300 hivi. Familia hii haina pupa na mapipa mapya: hata kwa divai za daraja la juu kabisa huwa karibu robo tu, na kwa za kawaida hupungua zaidi. Mengine yamekwisha kutumika. Pipa hutoa harufu yake nyingi kwa divai ya kwanza, na kufikia ya nne limebaki chombo kinachopumua tu. Nadhani hapo ndipo ustadi wao ulipo, maana divai iliyojaa ubao ni rahisi kutengeneza na inachosha haraka.

Jambo linaloshangaza wengi ni hili: divai iliyochachuka ndani ya pipa huwa na harufu ya ubao iliyo laini kuliko ile iliyochachushwa kwenye tangi kisha ikamiminwa pipani. Hamira iliyo hai huibadilisha sehemu ya vanilini kuwa kitu kisichonukia sana, na mashapo yake hushika tanini za mbao na kuzama nazo. Kwa hiyo zabibu huchumwa kwa mkono, hukamuliwa taratibu, maji huachwa yatulie tope nzito ishuke, kisha huingia pipani yakiwa bado matamu. Pipa halijazwi hadi mdomoni, kwani povu litafurika. Hamira ikimaliza, bakteria hugeuza asidi kali, ile ya tofaa bichi, kuwa asidi laini ya maziwa, na hapo huja harufu ya siagi.

Kuanzia hapo adui ni hewa. Divai hupungua kwa kupenya kwenye mbao, na nafasi inayobaki juu lazima ijazilizwe mara kwa mara. Ukisahau, bakteria wa siki hupata makazi. Mashapo yakikorogwa kwa fimbo divai hunenepa mdomoni, lakini kila mkorogo huingiza oksijeni. Baada ya miezi 12 hivi pipani, Leflaive huihamishia divai kwenye matangi ya chuma kisichoshika kutu kwa miezi 6 mingine. Ubao huacha kutoa harufu, na divai hujikaza.

Hatari haiishii hapo. Kuanzia mavuno ya katikati ya miaka ya 1990, divai nyingi nyeupe za Bourgogne ziligeuka hudhurungi na kunuka tofaa lililooza kabla ya wakati wake. Visababishi vilikuwa kadhaa, na vizibo vilivyopitisha hewa bila usawa ni kimojawapo. Kuanzia mavuno ya 2014 Leflaive wakahamia vizibo vya gome lililosagwa, kusafishwa na kugandamizwa, ambavyo vyote hupitisha hewa kwa kiasi kilekile.

Ukiipata chupa ya aina hii, itoe kwenye friji dakika 20 kabla ya kunywa. Nyuzi 12 hadi 14 zinatosha. Ikiwa baridi sana, karafuu na nazi hujificha na utaonja ukali mtupu. Ikinuka kijiti cha kiberiti kilichowashwa sasa hivi, usiitupe: ni kemikali za salfa kutoka kwenye mashapo. Imimine kwenye jagi, ipe nusu saa.